Mlango wa Chumba cha Kufulia

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote pokea salamu za mama, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu na fimbo yake akihakikisha naziandika za kwake kwanza. Basi nimeziandika, na sasa amekwenda kukaa. Hujambo? Wifi hajambo? Na yule mkubwa, bado anarefuka miguu peke yake? Suruali nilizomtumia mwezi wa nne nadhani sasa zimekuwa kaptula. Sisi huku ni wazima. Goti la mama la kushoto humsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Jana alimgombeza mwenye nyumba kwa habari ya bomba mpaka mwenye nyumba akaomba msamaha, na bomba lenyewe ni la jirani.

Mimi, kaka, naogopa. Nimeona niliandike neno hilo mapema kwa sababu unanijua: nikiogopa huwa nachekesha, na ungeweza kumaliza kurasa mbili ukidhani niko sawa. Wiki hii nimevunja sindano nne za cherehani. Simu ikilia nashtuka. Juzi nilijaza beseni maji ya kulowekea kitambaa, nikayaona yakipanda kuelekea ukingoni, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani mpaka mteja akaja kuniuliza kama nimefunga. Nikamwambia napunga upepo. Upepo wenyewe haukuwepo.

Na wewe hujanipigia wiki tano. Mama umempigia mara tatu, zote nikiwa dukani, na hukuomba nipewe simu. Mama anasema ulikuwa na haraka. Fundi wa pampu, haraka ya nini Jumapili? Mwanzoni nilinuna. Tangu Jumanne iliyopita sinuni tena, kwa kuwa nimejua sababu, na ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Habari ya filamu unaijua, maana sasa nimeambiwa kwamba walifika kwako. Lakini hujui jinsi ilivyonifikia mimi. Walikuja dukani mwezi wa pili, watu watatu, wakiongozwa na mwongozaji ambaye mimi namwita Bwana Tena. Ukimwona utacheka. Mtu akitembea mbele ya kamera vizuri kabisa, yeye anasema tena. Akikosea, tena. Siku moja mpishi wao aliwapakulia chakula naye akasema tena, watu hawakujua kama anataka kuongezewa au sahani zirudishwe. Aliniambia wanatengeneza filamu ya makala kuhusu meli yetu. Nasema yetu kana kwamba tuliinunua, lakini wewe unaelewa. Meli ambayo watoto wanaisoma shuleni, ambayo mtu akiitaja hadharani watu hupunguza sauti, sasa imefikiwa na wapiga mbizi wenye taa na kamera, na itaonyeshwa kwenye televisheni mwisho wa mwezi ujao.

Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mmoja wa wahudumu waliopona, nilikuwa dobi wa meli, na kwamba siku hizi nashona sare. Akaniomba mambo mawili: nikae mbele ya kamera nizungumze, na nimshonee sare za mabaharia kwa ajili ya sehemu za kuigiza. Nikamjibu kwamba la kwanza siwezi, nina mama mzee. Hakuelewa uhusiano wa mama mzee na kamera, hata mimi sikuuelewa, lakini akaniheshimu. La pili nikakubali. Kwa nini nilikubali sijui. Nadhani nilijiambia kwamba nikikaa karibu nao nitasikia wanachokijua.

Nikashona mashati kumi na sita na makoti manne. Koti lako nililikata kwa kukumbuka tu, bila kumpima mtu. Kijana anayekuigiza alipolivaa, mabega yalimshuka hadi nusu ya mkono. Bwana Tena akaniuliza kama futi yangu imekatika. Nikasema hapana, kijana wenu ndiye hakujaa. Ikabidi nilipunguze, na kila nilipokata mabega yako nilijisikia vibaya, sikutaka hata kulitazama.

Ndani ya ghala moja la zamani wamejenga kipande cha meli kwa plaiwudi. Wamekipaka rangi ya kijivu, na ukisimama mbali unaapa ni chuma. Ni ile korido ya chini yenye vyumba vya abiria, na mwisho wake mlango mzito wa kuzuia maji, na nyuma ya mlango chumba chetu cha kufulia, na nyuma yake boila. Wameweka hata gurudumu la kufungia. Siku ya kwanza nilipopeleka sare nilifika mpaka katikati ya korido hiyo nikasimama. Nilijua kwamba kulia kuna ukuta wa plaiwudi na nyuma yake wapo mafundi wa umeme wanacheka, lakini mwili haukusikia. Mpaka binti anayeigiza dobi akanishika mkono, akaniambia shangazi njoo huku kuna hewa.

Siku hiyo hiyo nikaona wanavyotuigiza. Kijana wako alipita koridoni huku akipiga mluzi, akautazama ule mlango uko wazi, akatazama saa yake, akaenda zake. Bwana Tena akasema tena. Akapita tena, akaacha mlango wazi tena. Nilihesabu mara tisa. Mara tisa, kaka, nilikaa kwenye kiti cha kukunja na pini mdomoni nikitazama wewe unaacha mlango wazi.

Baada ya hapo nikamwomba karatasi zao nizisome, nikidai nataka kujua vifungo vya nani vionekane. Zimeandikwa kwa maneno machache yaliyonyooka. Kwamba saa nane kasoro robo, bahari ilipoanza kuchafuka, nahodha aliamuru milango yote ya chini ifungwe. Kwamba msaidizi wa fundi mkuu, kijana wa miaka ishirini na tisa, alitia sahihi kuwa amefunga yote mitano. Kwamba saa tisa na robo meli iligonga mwamba upande wa boila, na maji yakapita kwenye mlango wa nne, ule wa chumba cha kufulia, uliokuwa wazi, yakaingia kwenye vyumba vya abiria. Kwamba waliokufa ni mia moja na kumi na wanne. Kwamba msaidizi huyo aliiambia tume kuwa aliufunga, na hadi leo anashikilia hivyo, na hakutokea mtu hata mmoja aliyemwona wala kumsikia akiufunga. Halafu mstari mmoja wa mwisho, kwamba alinyang'anywa cheti na hakupanda meli tena. Maisha yako yote, na wamebakiza nafasi chini ya ukurasa.

Mama hajui mengi kuhusu hii filamu, ila anajua ipo. Ameshawaalika majirani waje kutazama. Anasema wapiga mbizi ni watu wa vipimo, wataona kwenye bawaba kwamba mlango ulifungwa, na kwamba mwanawe atasafishwa mbele ya nchi nzima. Ameniagiza nimshonee gauni la siku hiyo. Nimelikata tayari, liko juu ya meza, nimelifunika kwa gazeti.

Sasa nifike Jumanne. Nilipeleka mashati mawili ya akiba kwenye nyumba wanayofanyia kazi. Bwana Tena hakuwepo. Alikuwepo mhariri wao, dada mmoja mpole mwenye miwani, anayetafuna kofia za kalamu mpaka zinakuwa bapa. Alikuwa mbele ya skrini tatu, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na nje jua kali. Akafurahi kuniona. Akaniambia shangazi, wewe ulikuwa mle, njoo uniambie hiki ni kitu gani.

Nilipoitazama ile skrini nikaona maji ya kijani, vumbi likielea, na mwanga wa taa ukitembea juu ya kutu. Nikaona gurudumu. Nikaona mlango wa nne umelala kwenye ukuta, wazi. Na kwenye mpini wake, ukienda mpaka kwenye bomba la ukutani, mkanda wa kamba ya nailoni uliosukwa nyuzi tatu. Mwisho wa mkanda palikuwa na kitanzi, na ndani ya kitanzi kifungo cha shaba chenye nanga, kimemeguka upande mmoja. Nailoni haiozi, kaka. Nilikuwa nawaambia wateja hivyo kwa kujisifu.

Dada mhariri akasema wataalamu wao wanadhani ni kamba ya mizigo iliyosombwa na maji ikanasa hapo. Yeye lakini kinamsumbua kile kifungo, maana kamba ya mizigo haina kifungo. Nikasema sijui. Nilisema haraka mno, na nikasikia sauti yangu ni ile ile niliyoitumia miaka ishirini na miwili iliyopita. Akaniambia, hata kaka yako tulimwonyesha picha hii, sikiliza alivyosema. Akabonyeza.

Ukatokea wewe. Umekaa kwenye kiti chenu kile cha sebuleni, shati la mistari nililokutumia, na nywele zimekuwa nyeupe juu ya masikio. Hukuniambia kwamba zimekuwa nyeupe. Bwana Tena hakuonekana ila sauti, akikuuliza kama bado unasema uliufunga. Ukasema ndiyo. Ukasema uliufunga, ukazungusha gurudumu mpaka mwisho, na ukapiga kiganja mara mbili kama ulivyozoea kwa kila mlango, na kama ungezaliwa upya ungesema vilevile. Ulisema kwa uchovu, kama mtu anayetaja jina lake kwenye ofisi ya tano.

Halafu wakakupa ile picha. Niliona unavyoinua miwani. Niliona kidole chako kinavyofika kwenye kifungo na kusimama hapo. Ukaomba maji, ukanywa glasi nzima, na glasi ikagonga meno. Kisha ukaiweka picha kifudifudi kwenye goti, ukatazama kamera, ukasema umewaza upya. Ukasema pengine ulisahau. Bwana Tena akauliza pengine? Ukasema sio pengine. Ukasema mlango wa nne hukuufunga, ulitia sahihi bila kufika, na unaomba radhi kwa familia za marehemu. Ukaomba wazime.

Dada mhariri akavua miwani akafuta macho. Akaniambia ndicho kilele cha filamu, miaka ishirini na miwili mtu anakataa, kisha picha moja inamvunja. Akanipa pole, akidhani nalia kwa aibu yako. Nilitoka pale nikishikilia kuta. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza mbona nimerudi na mashati mikononi, nikagundua sikuwa nimeyaacha.

Kaka, wao hawajui kilichokuvunja. Mimi najua, na wewe unajua. Kile kifungo ni cha koti lako la kwanza. Ulikileta kimemeguka nikushonee kingine, nikakihifadhi cha zamani, nikakitia kwenye mkanda ule. Niliusuka mwenyewe kutokana na kamba ya kuanikia, wenye kitanzi na kifungo, ili niweze kuufungua kwa mkono mmoja nikiwa nimebeba fungu la shuka kwa mkono wa pili. Nani mwingine angeshikiza mlango wa chuma kama anavyoshikiza blauzi? Tulikuwa tukiuegemeza mlango kwenye bomba ili hewa ya koridoni iingie, maana boila ilikuwa inatupika wazima. Ulipougundua ulicheka, ukasema kifungo chako kimepata ajira ya ubawabu. Kisha ukaacha kucheka. Ukaniambia Sindano, kitupe hicho, siku moja kitaua watu. Nikakuahidi. Nikakitia mfukoni mwa aproni.

Siku ile Bi Povu alikuwa anaumwa tangu asubuhi. Unamkumbuka mwenzangu Bi Povu, hakuwa mtu wa kulalamika. Baada ya mlango kufungwa kile chumba kiligeuka tanuri. Alitapika mara mbili, macho yakaanza kumgeuka, akasema nifungulie kidogo tu, mwanangu, nipate pumzi. Nikazungusha gurudumu, nikafungua, nikatia kitanzi kwenye kifungo. Akalala juu ya fungu la mashuka usoni pakirudi rangi. Wakati huohuo wa ukumbi wa chakula wakaita vitambaa vya meza. Nikapanda ngazi yetu ya nyuma nikiwa na vitambaa arobaini, nikimwambia narudi sasa hivi.

Meli ilipogonga nilikuwa naweka kitambaa cha meza ya sita. Nilikimbia kwenye ngazi. Nataka ujue kwamba nilikimbia. Nilishuka vipandio vinne, nikayaona maji yanapanda kunifuata, meusi, na shuka zetu nyeupe zinaelea juu yake. Nilimsikia akiniita. Kaka, nikageuka nikapanda. Mkanda ule ulikuwa wa kufunguliwa kwa mkono mmoja, kufumba na kufumbua, na hapakuwa na mkono.

Hospitalini ulikuja na bandeji kichwani, ukakaa ukingoni mwa kitanda changu, ukaniuliza swali moja tu maishani mwako kuhusu jambo hili. Uliniuliza, ile kamba uliitupa? Nikasema niliitupa. Ukashusha pumzi, ukanishika kichwa, ukasema basi sijui ni nini kilichotokea. Hukuuliza tena. Tume iliponiita ikaniuliza kama niliuona mlango, nikasema sikuangalia. Uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini mwenyewe, ukaenda kuishi mbali na bahari, ukatengeneza pampu, na kila mwaka mpya ulinitumia kadi ukimshukuru Mungu kwamba angalau mimi nilipona. Nilikuwa naogopa tume, kisha nikaogopa watu, kisha nikaogopa mama, na miaka ikapita. Wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote.

Sasa umeipata kweli kwenye picha, mbele ya wageni, na jambo la kwanza ulilofanya ni kuninunulia miaka mingine. Siitaki, kaka. Nimempigia Bwana Tena nikamwambia nimebadili mawazo, nitakaa mbele ya kamera. Amefurahi, amesema nitazungumzia sabuni na maisha ya chini ya meli. Tumepanga Jumamosi saa nne asubuhi, palepale ghalani, mbele ya mlango wao wa plaiwudi. Sijui watanifanya nini baada ya hapo. Mama nitamwambia Ijumaa jioni, nikiwa namkata kucha, wakati ambapo hawezi kuinuka. Naogopa atakavyonitazama kuliko nitakavyotazamwa na nchi nzima. Lakini majirani watakuja, na gauni nitalimaliza, na mwanawe atasafishwa kama alivyosema.

Barua hii itakufika Alhamisi. Usinipigie kunizuia. Ukitaka kunipigia kunitukana, simu iko wazi, nitapokea.

Kuna jambo moja bado, nalo ndilo ulilolitafuta kwa miaka yote hii. Tume iliuliza kama yupo aliyekusikia. Nilikuwa upande wa pili wa mlango, mkono wangu uko juu ya chuma. Gurudumu lilizunguka mpaka mwisho. Kisha kiganja chako kikapiga, mara mbili. Bi Povu akasema, huyo ni kaka yako, kazi yake haina kasoro.

Nisalimie wifi, nisalimie watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda hata watakaposikia. Mama anakusalimu tena, ameamka anauliza kama barua imekwisha. Imekwisha. Ulifunga, kaka. Ulifunga yote mitano.

Ni mimi mdogo wako, niliyeufungua,

Sindano